Mama Mkwe na Muvi za Kamera Kutikisika

Kwenye kibanda changu hapa Nyamongo nina daftari la muvi, na ndani yake kuna ukurasa nilioupa kichwa kwa kalamu nyekundu: ZA KAMERA KUTIKISIKA. Wateja wengi huuruka. Wanataka za ngumi, za mapenzi ya Kikorea, za kivita. Mchimbaji anatoka shimoni, ananiletea flashi yenye vumbi la mwamba, ananiambia nimjazie mpaka ifurike, na mimi kwa ukorofi wangu humchomekea moja ya kwangu katikati bila kumwambia. Wengine hurudi kunitukana. Wengine hurudi kuuliza kama kuna sehemu ya pili.

Ni zile muvi zinazojifanya si muvi. Mtu ameshika kamera mwenyewe, anakwenda mahali asipotakiwa kwenda, kinatokea kitu, kamera inadondoka kwenye majani, na sisi watazamaji tunaambiwa kwamba mkanda uliokotwa baadaye na watu wengine. Hakuna ngoma ya kukuonya kwamba jambo linakuja. Sura ya mwenye kamera huioni, unasikia pumzi zake na viatu vyake vikikanyaga kokoto. Dubwana lenyewe utaliona mara mbili tu, na mara zote mbili limekatika kichwa kwa sababu anayelipiga picha anakimbia.

Mke wangu husema hiyo si burudani, ni kizunguzungu. Nami nimeshamweleza mara nyingi, mpaka nimechoka. Kwenye muvi ya kawaida dubwana linakuja kamera ikiwa imetulia, taa zimewaka, na mimi najua kabisa kwamba aliyeziwasha yuko pale pembeni anakula chapati. Hapo sitishiki, nakasirika tu kwamba wamenifanya mtoto. Lakini kamera ikitikisika, najua kuna mtu mmoja anaogopa kweli, au anajua kuigiza woga kuliko wote, na ananishika mkono twende naye. Nikishatetemeka vya kutosha nazima, natoka nje, nalikuta jua la saa tisa, bodaboda zinapiga kelele, mama wa maandazi anageuza maandazi. Basi dunia inakuwa tamu kwa nusu saa nzima. Sijui starehe nyingine ya bei rahisi inayonipa hivyo.

Nina moja ya fundi wa mabomba aliyefunga kamera kwenye kofia na kuingia kwenye mahandaki ya maji machafu chini ya mji. Niliwahi kuwawekea wachimbaji watano waliokuwa wanasubiri mvua ipite. Dubwana lilipotokea hawakulijali hata kidogo. Walikuwa wanagombana kuhusu kuta. Mmoja alisema pale hakuna matimba, magogo ya kushikilia kuta, yule fundi hataliwa na kitu, atafukiwa na kifusi. Mwingine akasema hewa imeshakata, tazama anavyohema. Walitoka wamenuna, wakimlaumu msimamizi wa lile handaki kwa kumshusha mtu peke yake.

Hayo ndiyo maisha yangu, na niliridhika nayo. Nilikuja hapa kutoka Singida miaka kumi na kitu iliyopita kutafuta dhahabu, nikaipata kidogo, ikaisha, nikajifunza ufundi wa simu, nikaoa. Mke wangu ni Mkurya wa Nyanungu. Na hapo kwenye kuoa ndipo nilipojifunza kwamba kumbe muvi zangu zilikuwa zinaniandaa kwa mama mkwe.

Huku mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Nyumbani kwetu Singida pia mkwe anaheshimiwa, lakini tulishalegeza, mtu anakula meza moja na mama wa mkewe na wanagombea paja la kuku. Siku ya kwanza nilipofika Nyanungu nimevaa shati jipya, nikaona mwanamke mrefu ametoka mlangoni, ameniona, amejitupia khanga kichwani na kutokomea kwenye mahindi. Nilikasirika. Nilidhani nimekataliwa, na ng'ombe nimeshatoa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza kwamba ile ndiyo heshima yenyewe, kwamba angesimama na kunitazama machoni ndiyo ningekuwa na sababu ya kulalamika.

Miaka minane ikapita hivyo. Nilichokuwa nimekiona kwa mama mkwe ni mgongo, pindo la khanga, na siku moja kisigino. Kilichobaki kilikuwa sauti. Alinisalimia akiwa nyuma ya mlango, mimi nikatoa shikamoo kuelekea ukutani, akaitika marahaba, akauliza habari za kazi, mvua na mjukuu wake. Niliijua sauti ile vizuri, na niliipenda, maana ina mzaha ndani yake hata ikitoa pole.

Baba mkwe alipofariki, mama alibaki peke yake pale Nyanungu. Wanawe wa kiume wako mbali, kila mmoja na kibarua chake. Mwaka mmoja baadaye akiwa anafukuza nyani kwenye mahindi aliteleza, akavunjika mguu. Hospitali walimfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kutoka kwenye vidole mpaka chini ya goti, na daktari akamwambia mke wangu waziwazi: wiki sita asiukanyagie. Akiukanyagia utaunga vibaya, atachechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Tena mama yule si mtu wa kukaa. Maji yako bondeni, mbuzi wanamwita, nyani wanamchokoza. Sote tulijua kwamba akirudi kwake atasimama kabla wiki haijaisha.

Ilibidi akae kwetu, na kwetu hakai. Mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Alimwambia mke wangu ni afadhali mguu upinde kuliko jina. Tulizungushana siku nzima, mwisho nikasema basi, kama tatizo ni paa langu, mimi nalihama. Kibanda changu kimeegeshwa ubavuni mwa nyumba, kinatazama barabara, kimetenganishwa na chumba cha mbele kwa ukuta wa mbao. Nikahamia humo. Nilipita barabarani, yeye na binti yake walipita uani, chakula changu kilipitishwa kwenye kidirisha kilichofunikwa kitambaa. Kwa muda wa wiki sita nyumba ikawa ya mke wangu, na mama akakubali kulala kwa binti yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwetu alidai jembe siku ya kwanza. Alinyimwa, akapewa maharage ya kuchambua, akayamaliza, akadai mengine. Siku ya tatu nilikuwa najaribu spika za mteja kwa muvi ya fundi wa mabomba, nikaongeza sauti, fundi akapiga yowe lake lile refu. Upande wa pili maharage yalimwagika. Mke wangu akatokeza kichwa kwenye kitambaa akasema mama anauliza ni nani anauawa kwenye duka la mkwe, na kwa nini mkwe hatoki kusaidia.

Nikamweleza ni muvi. Akarudi, nikasikia wananong'ona Kikurya, akatokeza tena. Mama anauliza, huyo anayepiga yowe alifanya nini? Nikaeleza. Akaenda, akarudi. Mama anauliza, hicho kilichomo humo kwenye mahandaki kina miguu mingapi? Safari ya tano mke wangu alitupa mwiko na kusema yeye si posta, kama mama anataka kujua basi atazame mwenyewe.

Kwa hiyo nikachukua kile kidude cha kugawa picha, kinachotoa waya mmoja na kuufanya mbili, nikatoboa ubao, nikapitisha waya mmoja kwenye tivii ya nyumbani, wa pili ukabaki kwangu. Nilichokiweka mimi, naye alikiona. Tulikaa hivyo kila alasiri wateja wakipungua, ubao katikati yetu, tukiogopa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sijawahi kupata mtazamaji kama yule. Mke wangu hulala, wateja huongea na simu. Mama mkwe alihema na mwenye kamera. Kikikaribia kitu, nilimsikia anaacha kuchambua maharage.

Aliipenda kuliko zote ile ya mpiga picha wa harusi. Harusi iko kando ya ziwa, yeye anapita mezani anapiga wageni wanaokula, na nyuma yao, mbali, maji yanaanza kuinuka. Hakuna anayegeuka. Wageni wanaendelea kutafuna. Alitaka iwekwe mara tatu, na mara ya tatu swali lake lilikuwa kama yule bibi harusi alikuwa ameshalipiwa ng'ombe wote, maana kama bado, ndugu zake watamdai nani.

Tatizo lilikuwa mazungumzo. Hatuongei moja kwa moja, mtu wa tatu lazima awepo, hata kama maneno yote tumeshayasikia. Mama anasema, "Mwambie mkwe hilo dubwana ni jike, linatafuta mtoto wake." Mke wangu anageukia ubao, anarudia kama kasuku. Mimi namjibu mke wangu. Siku aliyokwenda gulioni tulikaa kimya nusu muvi, kisha nikasikia sauti ya upande wa pili ikisema, kwa utulivu kabisa, "Wewe birika, mwambie mkwe arudishe nyuma kidogo, sikuona mkia." Nikalijibu birika. Tangu siku hiyo birika likawa mtu wa tatu, na mke wangu akapumzika.

Kuna swali ambalo kila mtazamaji wa muvi hizi huniuliza, na mimi sikuwahi kuwa na jibu zuri. Kwa nini yule mtu asitupe kamera akimbie? Wachimbaji huuliza kwa hasira, wanasema ni ujinga wa Wazungu. Nikalipeleka swali kwa mama mkwe kupitia birika.

"Akiitupa," alisema, "atakuwa amebaki peke yake. Mimi mwaka huu mzima redio naiwasha hata nikienda kuchota maji. Siisikilizi. Naisikia tu kwamba ipo."

Nilimwonea huruma, na nikajua pia kwamba sikutaka aondoke. Nisingethubutu kumwambia mtu yeyote wakati ule, kwamba mwanamume mzima anafurahi mama mkwe wake kuvunjika mguu, lakini wiki zile zilikuwa nzuri kwangu. Nilikuwa nimepata mwenzangu.

Wiki ya nne nikafanya kosa. Mteja aliniletea kamera yake ya kurekodia kwaya, picha ilikuwa inakatika. Saa nane mchana, joto la mabati, nikavua shati na kubaki kifua wazi. Nilikuwa nakula hindi la kuchemsha, nimekaa kwenye malalo yangu. Nikachomeka kamera kwenye waya ili nione picha, nikaiweka juu ya boksi ikinitazama, nikasogeza uso karibu na lenzi kutafuta kama kuna uchafu, nikakodoa jicho, punje za mahindi zimenijaa shavuni. Picha ilikuwa safi kabisa kwenye skrini yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba waya ni mbili.

Upande wa pili bakuli lilianguka.

Ndipo nilipogeuka nikatazama ule waya uliopita kwenye tundu la ubao, nikaelewa. Nilichomoa kwa nguvu mpaka nikauvunja. Miaka minane mama yule alikimbilia mahindini, akajifunika, akasalimiana na ukuta, na mimi nimempelekea uso wangu ukubwa wa sinia, kifua wazi, mdomo umejaa. Nilitamani nifukiwe na kifusi.

Mke wangu alikuja kwenye kidirisha, hakucheka. Alisema mama amejifunika khanga usoni na amegeukia ukuta. Baadaye akaja tena akasema mama hataki kula. Baadaye tena, mama amempigia simu ba'mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba mkwe, aje kesho asubuhi na bodaboda amrudishe Nyanungu. Nikamwuliza, na mguu? Mke wangu akasema mama amesema mguu ni wake. Alikuwa analia aliposema hivyo, na mimi nilihisi kama nimeuvunja ule mguu kwa mara ya pili, kwa mikono yangu.

Ba'mdogo alifika asubuhi. Ni mfugaji, mtu wa haraka, siku hiyo ilikuwa ya josho na alitaka awahi kurudi kuogesha ng'ombe wake. Akakaa kibandani kwangu juu ya kiti cha wateja, akasema nieleze. Nikaeleza yote, pamoja na hindi.

Nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Nikamwambia kwamba mama hakuniona mimi, aliona tivii. Watu wa kwenye tivii hawapo. Lile dubwana la ziwani halipo, na wale wageni wa harusi hawajafa, wako kwao wanakula. Kama hao hawapo, basi na mimi sikuwepo. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

"Ulikuwa wapi wakati huo?" akaniuliza.

"Hapa hapa."

"Basi ulikuwepo," akasema. "Macho hayana pazia, mura. Yameshaona."

Alisema mambo ya namna hiyo hutengenezwa, si mwisho wa dunia, ningepeleka blanketi na maneno ya kuomba radhi yangepita kwake. Lakini mama akishasema anaondoka huondoka, yeye mwenyewe hajawahi kumshinda hata siku moja, na marehemu kaka yake pia hakuwahi. Mke wangu alikuwa ndani anafunga mizigo. Ili kumtuliza ba'mdogo nilimwekea ya harusi kwenye skrini yangu. Alitazama huku akishika kofia yake, tayari kuondoka, kisha akaiweka kofia magotini. Maji yalipoinuka akauliza hii kitu wanaifuga au ni ya porini.

Ndipo mke wangu alipoingia kwa mlango wa barabarani. Hakuja kwenye kidirisha. Alisimama mbele yetu amekunja mikono.

"Mnazungumza uso," alisema. "Mama hana habari na uso. Ameona magunia."

Sikuelewa kwanza. Kisha nikatazama nyuma yangu, pale nilipokuwa nimekaa jana yake. Godoro letu moja zuri tulikuwa tumemtandikia mama, la mtoto ni dogo. Mimi nilikuwa nalalia magunia mawili juu ya maboksi ya tivii, na koti langu lililokunjwa kichwani. Yeye alijua tu kwamba nimehamia kibandani. Hakuna aliyemwambia ninalalia nini, na kamera ilikuwa imemwonyesha kila kitu, magunia, koti, na mgongo wangu uliojaa alama za mbu nilipoinuka.

Mke wangu alisema mama hakula kwa sababu ya hayo. Mama alikuwa amemwambia hivi: "Nimemtoa mtoto wa mwanamke mwenzangu kwenye godoro lake. Mama yake angejua, angeniambia nini?"

Ba'mdogo alishusha pumzi akasema kama ni hivyo blanketi halisaidii. Maneno ya kupitia birika yasingetosha, na mbele ya ba'mdogo yangekuwa aibu tupu. Nikaitazama ile kamera ya mteja. Nikauunga ule waya niliouvunja, nikaufunga kwa solotepu, nikaishika kamera mkononi, nikaielekeza mbele, mahali ambapo mimi sipo.

Nikaanza kutembea. Kibanda changu ni hatua nne kwa tatu, lakini nilikwenda polepole. Nikamwonyesha magunia, nikayabonyeza kwa mkono aone kwamba yanabonyea. Nikamwonyesha feni, ambayo huko ndani hakuna. Nikamwonyesha daftari langu na ukurasa wenye kalamu nyekundu. Nikafungua mlango nikamwonyesha barabara, bodaboda zilizojipanga, mama wa maandazi aliyenipungia, kilima cha mawe ya mgodi kule nyuma. Nikasema kwa sauti, maana sikuwa na jinsi, kwamba hapa ndipo ninapolala, kwamba sijalazimishwa, kwamba tangu nije Nyamongo sijawahi kuwa na alasiri nzuri kama za mwezi huu. Nikasema mbu ni wa Nyamongo, si wake, walikuwepo kabla hajaja. Nikasema akiondoka nitarudi kwenye godoro, ndiyo, lakini nitabaki natazama muvi na birika.

Nilitaka kushika kwa utulivu kama mtu mwenye ujuzi. Mikono ilikataa. Kamera ilitikisika kuliko muvi yoyote kwenye ukurasa wangu, na pumzi zangu nilizisikia mwenyewe kwenye spika ya upande wa pili, nzito, za mtu anayeogopa. Nilikuwa naogopa kweli.

Nilipomaliza nikachomoa waya. Halafu tukasikia sauti ya mama ikimwambia binti yake jambo kwa Kikurya, na mke wangu, aliyekuwa bado amesimama nasi, akanyoosha mkono.

"Anataka kamera," akasema.

Aliipeleka ndani, nasi tukasubiri. Ba'mdogo hakutaja josho tena. Mke wangu alipoirudisha kibandani nilirudisha mkanda nyuma, sote watatu tukasogeza vichwa kwenye skrini. Kwanza ilikuwa sakafu, imepinduka juu chini. Kisha dari. Kisha kidole kilichoziba lenzi, na sauti yake ikiuliza hii kitu inashikwa wapi. Kisha ukatokea mguu, hogo limefunikwa khanga mpaka chini, vidole vitano vimechungulia. Baadaye mzigo wake, uliokuwa umeshafungwa, na mkono wenye bangili ya shaba ukihangaika na fundo mpaka likafunguka. Uso hakuuonyesha hata kidogo. Alikuwa nyuma ya kamera muda wote, anahema.

"Mwanangu," sauti ilisema. Hakusema mkwe. "Mguu ndio huu. Nitakaa nao hapa mpaka uungane. Shemeji, najua unasikia. Nenda Nyanungu, chumbani kwa mzee, ulete godoro lake, umpe mwanangu huyu alalie."

Picha ikakatika hapo.

Ba'mdogo alibaki ametazama skrini tupu. Akatwambia kwamba godoro lile halijaguswa tangu mazishi. Limeegemezwa ukutani kwenye chumba cha marehemu, shemeji yake hulifuta vumbi na kulirudisha, watoto wake wa kiume wamelitaja mara mbili na mara zote mbili wamefokewa. Akasema godoro la mzee hulaliwa na mwana, si na mkwe, na hajawahi kusikia vinginevyo. Alisema hayo yote huku anavaa kofia yake, na akatoka kwenda kutafuta bodaboda yenye keria ndefu.

Nililia, na mke wangu alinitazama nikilia, hakunitania.

Godoro lilifika jua likiwa bado juu, limefungwa kwa mipira, limeshika vumbi la barabara nzima ya Nyanungu. Tulilipigapiga nje, tukalitandika juu ya maboksi. Katikati lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu mrefu kuliko mimi, mabega huku, kiuno huku, visigino mbali kule. Mke wangu aliniuliza kama tuligeuze. Nikamwambia hapana, nikavua viatu, nikajilaza mle mle alimokuwa akilala.